Siku Nilipofungua Ekzosi Uwanja wa Ndege Sumbawanga

Nikianza kusimulia mkasa huu masikio huwa yanapata moto, maana aibu ya siku ile haikuwa ya kujificha chumbani, ilikuwa mbele ya kijiji changu, ofisi ya wilaya, na mzee niliyekuwa naposa kwake, wote kwa mpigo, na mimi nimesimama juu ya kichwa cha lori nimenyoosha mikono kama mshindi. Haya, chekeni tu, nimeshazoea.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, ukishapita Kizwite, na niseme bila haya kwamba nilikuwa dereva hasa: nimepanda mlima wa kutoka bonde la Rukwa na shehena ya mpunga, matope yamefika kwenye ekseli, na sikurudi nyuma. Basi ofisi ya wilaya ikapata lori jipya, ikawa inatafuta dereva, na tuliobaki kwenye mchujo tulikuwa wawili, mimi na Sikazwe wa Namanyere, mtu mpole anayeendesha kama amebeba mayai (hata akiwa amebeba mawe). Bwana usafirishaji, Ndugu Mwakalinga, mtu wa Mbeya, tulimsumbua mpaka akachoka.

"Saba Saba mje na malori yenu uwanja wa ndege," akasema. "Mtapakia magunia sawasawa, mtaondoka pamoja. Nataka kuona nani anajua kuondoa mzigo."

Sasa sailensa ya lori langu ilikuwa imetoboka, nikaipeleka kwa Fundi Oska ichomelewe. Kazi ndogo. Lakini nikiwa nimechuchumaa pale nikajisemea, hivi mtu akikimbia ameziba pua atafika wapi? Si na injini iko hivyo hivyo? Nikamwambia Oska aachane na kiraka, badala yake akate bomba la moshi, ekzosi yenyewe, kabla ya sailensa, aweke kifuniko, na kifuniko akifunge waya mpaka kwangu ndani, nikivuta kinafunguka na moshi unatoka moja kwa moja. Oska alifurahi kuliko mimi (yeye mwenyewe hata baiskeli ilikuwa inamshinda).

"Ukivuta hapo, kaka, lori litaruka!"

Tukajaribu palepale, lori tupu, limesimama. Mabati ya karakana yakatetemeka, kuku wa jirani wakapotea, tukapeana mikono. Hatukupima kitu. Tulisikia mngurumo, tukauita nguvu.

Saba Saba ikafika, baridi ya Ufipa na upepo wake, uwanja umejaa watu. Mzee Nandi naye alikuwepo na maksai wake wanne, wamefungwa plau kwa ajili ya maonyesho. Huyu ndiye baba yake Consolata, na mshenga wangu alikuwa ameshakwenda kwake akarudi na jibu la "tutaangalia". Asubuhi nilimwamkia kwa adabu zote, nikamwambia, "Leo utaona, baba." Consolata akainamisha uso akatabasamu, na mimi nikapanda lori langu nikijiona nimeshapata vyote viwili, lori jipya na mke.

Ndugu Mwakalinga akashusha kitambaa. Nikavuta waya.

Jamani! Ndani ya kabini ilikuwa kama mtu anapasua mawe kichwani mwangu, moshi unapanda kupitia matundu ya sakafu, macho yananitoka machozi, lakini nikakanyaga mafuta. Nikatupa jicho kwenye kioo, Sikazwe simwoni. Nimemwacha! Pembeni watu wanaruka, wanapunga mikono, wanafungua midomo, nami nikawapungia. Nilipofika mwisho wa uwanja nikapanda juu ya kabini, nikanyoosha mikono, nikageuka niwape nafasi ya kunishangilia.

Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Umati mzima ulikuwa unakimbilia upande mwingine, nyuma ya maksai wa Mzee Nandi, ambao walishtuka nilipovuta waya wakatimka na plau yao, wakapindua meza ya wageni, wakaelekea mahindini. Sikazwe alikuwa amesimama palepale tulipoanzia. Alizima lori mara moja, akashuka kusaidia.

Nikarudi mbio kukamata maksai, uso mweusi kwa masizi kama chungu. Nilipomfikia mzee, mpini wa plau umevunjika mkononi mwake, nikasema, "Shikamoo, baba!" Sikusikia jibu, masikio yalikuwa yanalia tu, nikajua amenuna, nikarudia kwa nguvu, "SHIKAMOO!" Mara ya tatu Consolata akanivuta shati akaniambia sikioni, "Ameshaitikia. Acha kumfokea baba."

Maksai wakapelekwa mbali, Ndugu Mwakalinga akataka tumalize. Kuna aliyesema nifunge bomba kwanza, lakini Sikazwe akajibu kwa upole, "Aache wazi tu, mimi sina neno." Hapo ningeweza kufunga. Nikaona nikifunga nimekubali kosa.

Tukaondoka tena. Miaka yote gia nilikuwa nabadilisha kwa sikio, nasikia injini inaniita, naipa. Siku ile injini ilikuwa inapiga makelele tangu mwanzo, nikadhani imefika juu, nikaingiza gia ya pili mapema, na ya tatu mapema zaidi, lori na magunia yake likazama, likakohoa, likatambaa. Sikazwe akanipita taratibu, hata hakugeuza shingo.

"Wewe nimekusikia sana," Ndugu Mwakalinga akaniambia. "Mwenzako nimemwona akifika." Lori jipya akapewa mtu wa Namanyere.

Baadaye nililijaribu lori langu barabara ileile, mzigo uleule, bomba wazi halafu bomba limefungwa. Likiwa wazi halikunipa kitu, na kwenye kuondoka niliona hata limekuwa zito kidogo. Nikamwambia Oska achomelee kifuniko kisifunguke tena maisha.

Kwa Mzee Nandi nilikwenda mwenyewe, sikumtuma mshenga. Nikatengeneza plau, na mvua zilipoanza nikalima shamba lake na maksai walewale, ambao walikuwa wakiniona wanatega masikio. Siku ya mwisho mzee akaja mpaka kwenye mtaro, akaniangalia sana.

"Binti nitakupa," akasema. "Lakini siku ya harusi uje kwa miguu, wewe na watu wako wote."

Tulikwenda kwa miguu, kutoka kijijini kwetu mpaka kwake, mama zangu wamebeba viatu mikononi. Na mpaka leo nikiwa na haraka ya namna gani, nikikaribia boma la yule mzee nazima injini, naliacha lori liserereke lenyewe.