Sanduku la Madebe

Mwaka ule rais alipowafukuza Wahindi, nilikuwa nafanya kazi Katwe, mjini Kampala, kwenye kibanda cha fundi mmoja Mkenya aliyetengeneza masanduku ya bati. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, na mimi mkubwa nilikuwa nimeacha shule ili wadogo zangu wapate kula. Msimu ule tulikula vizuri. Kila aliyeondoka alitaka sanduku.

Nchi za mbali zilikuwa zimeelewana nani atampokea nani: hawa Uingereza, hawa Bara Hindi, hawa Kanada. Mjane mmoja wa Bukoto, mshonaji, alipata Kanada. Maofisa wa huko walikuja mpaka Kampala wakampa kiti kwenye ndege, ila mzigo ulikuwa na kipimo cha uzito. Yeye alitaka kitu kimoja tu: cherehani yake iende naye.

“Nguo nitashona huko,” alituambia. “Bila cherehani nitakula nini?”

Fundi alikuwa na desturi yake. Sanduku halikutoka kibandani mpaka alirukie kwa miguu miwili, na tumbo lake lilikuwa la heshima. Basi akakata bati la pipa la lami, akaunda, akaruka. Halikubonyea.

Kesho yake yule mama mjane akarudi nalo, amefura kwa hasira.

“Fundi, sanduku lako linataka tiketi yake! Likiwa tupu tu limemaliza karibu kipimo chote!”

“Lakini ni imara, mama. Hata kifaru cha jeshi hakilivunji.”

“Kwani mimi naenda vitani?”

Nikasema tutumie madebe ya mafuta ya kupikia, ambayo ni mepesi, na ukingo tuukunje juu ya waya ili usilegee.

“Nikilirukia hilo si nitaingia ndani?” fundi akauliza.

“Basi usilirukie, ssebo,” nikamjibu kwa adabu ya Kiganda, kama kusema bwana.

“Litoke bila kujaribiwa? Watu watasema nini?”

Lilipokwisha kuundwa, nikawaita wadogo zangu kutoka nyumbani Naguru walijaribu badala yake. Walirukaruka juu yake huku wakiimba mpaka mfuniko ukabonyea katikati. Fundi alipapasa pembe zote, akanyanyuka polepole. “Zimeshika,” akasema, kama mtu aliyeshindwa kesi.

Nililibeba mwenyewe hadi kwenye mizani ya mizigo ya Wakanada, cherehani ikiwa ndani. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama chini ya alama. Ofisa wa Kanada aligusa lile bonde la mfuniko, akauliza limefanywa na nini.

“Wakaguzi,” mama akajibu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Niliporudi Katwe nilimkuta fundi nyuma ya hoteli ya jirani, anaokota madebe matupu ya mafuta.

“Wadogo zako waje tena kesho,” akasema. “Na washibe kwanza, wawe wazito kidogo.”