Bado Haijashika Joto

Kwa miezi mitatu, kila Jumapili tukitoka kanisani, baba yangu alinikalisha kwenye kiwanja cha ndege cha Kitale ndani ya helikopta ya kompyuta, na hatukupaa hata siku moja.

Mimi, binti yake, hutengeneza simu na laptopu mjini Kitale. Niliweka kwenye laptopu mchezo wa kurusha ndege ambao ardhi yake ni picha zilizopigwa kutoka angani, ukielekea kusini hadi kwetu Tongaren unaona barabara na mashamba yalivyo. Niliuweka kwa sababu ya baba. Daktari wa macho kule Bungoma alituambia wazi kwamba presha ya macho imekula mishipa, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa. Baba akasema anatamani kitu kimoja tu, kuliona shamba lake la Tongaren kutoka juu. Amelilima tangu nikiwa mtoto na hajawahi kuliona lote kwa mara moja. Nikamhamishia kwangu, nikamwahidi kwamba ataliona.

Lakini baba alikuwa dereva wa trekta maisha yake yote, na kwake injini baridi haiguswi. Unaiwasha, unaiacha kwenye sailensa, ule mngurumo mdogo wa injini isiyokwenda popote, kisha unaweka kiganja juu ya boneti hadi mkono wenyewe ukuambie. Basi nikiwasha helikopta, naye huweka kiganja juu ya laptopu.

"Bado," anasema. "Haijashika joto."

"Baba, hii ni picha tu. Haina mafuta, haina pistoni."

"Si naisikia? Wewe ngoja, mama. Usikimbize injini."

Nikangoja. Mapanga ya helikopta yakazunguka kwenye televisheni niliyoiunganisha, maana kioo cha laptopu yenyewe kilishapasuka. Dakika ishirini, dakika arobaini. Chai ikapoa. Jumapili moja nilimpuuza nikaongeza moto ili tupae, akainuka akaenda kukaa nje na kuku, na hakunisemesha hadi Jumanne. Nilichoka naye, nasema kweli. Nilikuwa nahesabu wiki za macho yake, yeye anapasha moto kitu ambacho hakipo.

Jumapili ya mwisho uzalendo ukanishinda. Kiganja kilikuwa pale pale juu ya laptopu, nami nikasema, "Macho yako hayangojei injini, baba."

Maneno yalishatoka. Akaondoa mkono, akaupangusa kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Twende."

Nikaongeza moto. Mngurumo ukapanda, ukawa mwembamba na mkali, mapanga yakawa duara moja la kijivu. Kabla sijainua helikopta, stima ikapotea. Televisheni ikazima. Laptopu ina betri, kwa hiyo injini iliendelea kunguruma vile vile mbele ya kioo cheusi. Nilikuwa nafungua mdomo niilaani kampuni ya umeme.

"Aa," baba akasema, uso ameuelekeza kwenye televisheni. "Kitale ndiyo hiyo inabaki nyuma. Naona mabati yanang'aa."

Niligeuka nikamtazama. Tulikuwa chini. Hatukuwa tumetoka mahali.

"Unaona nini tena?" nikauliza.

"Mahindi. Mahindi tu, kote." Kisha akasita, labda kwa sababu ya sauti yangu. "Ama bado?"

"Stima imepotea, baba. Hakuna kitu hapo."

Hakujitetea. Nilimuuliza ni tangu lini haoni, akasema tangu palizi ya kwanza, yaani hata kabla ya Jumapili ile tuliyoanza. Nilitaka kumfokea. Miezi mitatu! Si angesema tu?

"Ulikuwa umefurahi na hiyo ndege yako," akasema. "Na tukiwa hapa chini, hakuna mtu ananiuliza naona nini. Nasikia injini tu, na injini naijua."

Nilikaa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nyingi ilinirudia mimi, mtu aliyeketi bega kwa bega naye wiki zote hizo macho yakiwa kwenye televisheni.

Nikashika kitufe nizime.

"Usiizime ghafla," baba akasema. "Irudishe sailensa kwanza, ipoe."

Nikairudisha. Akaweka tena kiganja juu ya laptopu, nami nikaweka changu kando ya chake, tukangoja hadi betri ikaisha.