Ukurasa Uliofungia Mikate

Asubuhi, nikishuka toka Mabanga kwenda kufungua duka langu la Murara, kuna kona moja ambapo pua yangu inasimama kabla ya miguu. Ni harufu ya mikate, yale madonge ya unga yanayovimba ndani ya mafuta ya moto, moshi wa makaa ukitambaa juu ya mawe meusi. Mimi ni mutu wa maduka mawili, ya simenti na misumari, na nyumba ya etaji, ya ghorofa, niliyoijenga bila diplome hata moja. Muulize yeyote. Lakini harufu ile ikinikamata ninarudi kuwa mutoto wa miaka tisa, suruali imetoboka nyuma, nimesimama mbele ya karai ya Mama Sifa.

Niwaambie jambo ninalowaficha wateja wangu: Kingereza changu chote kilitoka kwenye karai ile.

Mama Sifa alikuwa anafungia mikate kwa karatasi za kitabu kinene alichoachiwa na mupangaji aliyehama. Kila muteja, ukurasa wake. Siku moja, nilipomaliza kulamba mafuta, dada yangu Masika akaninyang'anya karatasi. Masika alinizidi miaka mitatu, na alikuwa anasoma kila kitu, hata mifuko ya simenti. Akaunyoosha ule ukurasa juu ya goti, akaanza kucheka.

"Ni diksionere, ya Kingereza na Kifaransa. Angalia, ukurasa muzima, mbele na nyuma, neno ni moja tu. Run."

"Neno moja linafanya nini huko kote?"

"Linafanya kazi. Labda yale mengine yamelala."

Akanisomea, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu. Mutu akikimbia, run. Maji yakitoka kwenye robine, run. Pua ikimwaga kamasi, motere ikinguruma, kitenge kipya kikitoa rangi ndani ya beseni, barabara ikikata vijiji, mama akiendesha duka lake: run, run, run. Mimi nilishangaa. Nyumbani kwetu kila mutu alikuwa na kazi moja na bado alilalamika. Neno hili lilikuwa na kazi za kijiji kizima na lilikuwa na herufi tatu. Nikalipenda kama mutu anavyopenda mbuzi wake. Kila jioni nilimuomba Masika anisomee tena, maana mimi na herufi hatukuwa tunasalimiana.

Basi vakansi kubwa zikafika, shule zikafungwa, na baba mudogo Kakule akafika nazo. Ndiye mudogo wa baba yetu, mwenye lori la kubeba samaki wa chumvi toka Vitshumbi. Safari hiyo ilikuwa ndoto ya watoto wote wa kiwanja chetu, kwa sababu barabara inapita kwenye pori la tembo, na ziwani kule viboko wanalala karibu na nyumba za watu. Siku ya Mungu, baada ya misa, akaketi uani na kofia yake, lori likinguruma mbele ya mulango.

"Kesho ninapanda Vitshumbi," akasema. "Kabini iko na nafasi moja. Wanunuzi Waganda wanapenda kunisalimia Kingereza, na miye ninabaki kuchekacheka kama bubu. Mutoto mwenye anajua Kingereza njo ataenda na miye."

Masika alikuwa mulangoni mwa jikoni, mwiko wa bugali mukononi. Nikamuona akifungua kinywa, akakifunga. Mimi nikaruka katikati.

"Run!" nikasema.

"Vizuri. Na lingine?"

"Run."

"Weye Mumbere, unanichezea? Ile run njo nini?"

Nikamuonyesha. Nilizunguka kiwanja mbio mpaka kuku wakapanda ukuta. Run! Nikapiga beseni la maji teke. Run! Nikavuta kamasi, nikalionyesha lori lililokuwa linatetemeka, nikashika kitenge cha mama kilicholowa, kikanipaka buluu mikono yote. Run, run, run! Baba mudogo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha nikakwama. Nikamutazama Masika. Kwa siri akashika kiuno, akatoa tumbo, akapima unga wa hewani kama mama muuza-duka. Run!

"Mutoto hana Kingereza," baba mudogo akasema, akifuta machozi. "Ana neno moja. Lakini anavyolitumikisha! Mwenye jembe moja akilima shamba lote, mumuache apande."

Mama, mwenye beseni na kitenge chake, hakucheka sana. "Kinywa cha kujisifu hakipiki sombe," akasema. Ndiyo methali yake juu yangu, mpaka leo.

Nikaenda, ukurasa wangu mufukoni. Tembo niliwaona, mungurumo wa viboko niliusikia, na Waganda niliwaambia run wakanipigia makofi. Siku ya nne nikarudi na samaki mwenye urefu wa mukono wangu. Kiwanja chote kikanizunguka. Masika peke yake hakuuliza habari za tembo.

"Karatasi iko wapi?"

Nikaingiza mukono mufukoni. Ilikuwa imegeuka uji wenye harufu ya samaki. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kisicho na jalada, kimefungwa kwa kamba ya mugomba. Kila asubuhi nilipokuwa safarini alikata majani ya migomba nyuma ya nyumba, akampelekea Mama Sifa ya kufungia mikate, mpaka akapewa kitabu.

"Miye nimeona tembo," nikamucheka, "weye umeona makaratasi!"

Masika leo anafundisha Kingereza, na muuzaji wangu wa Kampala akipiga simu, mimi mwenye maduka mawili ninakimbia na simu mpaka kwake. Juzi nikamupelekea mikate ya moto, nikamuuliza kwa nini siku ile alifunga kinywa.

"Kabini ilikuwa na nafasi moja," akasema. "Na kitabu kilikuwa kinaliwa kila siku, ukurasa kwa ukurasa. Ningeenda Vitshumbi, ningekuta kimekwisha."

Miaka yote hii nilidhani nilimushinda! Masika akakileta kile kitabu. Pale ukurasa wangu unapokosekana kuna karatasi ya daftari, mwandiko wa mutoto, kazi zote za lile neno alizozishika kichwani. Akanisomea ya mwisho, ambayo hakuna diksionere inayo: "Kuzunguka kiwanja mbele ya watu bila haya."

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako. Siku ile miye niliogopa pia kusema mbele ya watu. Wanafunzi wangu ninawafundisha hiyo kwanza."

Wenzangu, kinywa hiki cha kujisifu nikakipa kazi nyingine. Nikachukua mukate mumoja, nikajaza kinywa.