Baba wa Kitabuni Afungua Hoteli

Mwalimu Philomena Bundala hakuwa na nia ya kuwa mwandishi. Alikuwa akifundisha darasa la nne mjini Bariadi, enzi hizo bado tuko mkoa wa Shinyanga, na kitabu cha Kiswahili kilikuwa kimoja kwa watoto sitini na tatu, tena kimenyofoka kurasa za mbele. Hadithi iliyosalia ilimhusu mtoto anayepanda meli kwenda kumsalimia shangazi yake. Watoto wakauliza meli ni nini. Mwalimu akaichora ubaoni, wakasema ni sufuria.

Basi mwaka 1996 akawaandikia ya kwao, kwa mashairi, kwa sababu shairi likishakaririwa halihitaji karatasi. Aliandika kuhusu nyumba aliyokulia. Baba yake, mzee Bundala, alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kinu cha kuchambua pamba, mashine namba tatu. Hadithi ilianza hivi:

*Baba arudi jioni,*
*pamba tele sikioni,*
*nyingine imo puani,*
*mama amkung'uta nje.*

Watoto walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Nusu yao walikuwa na baba wa namna hiyo, au waliwahi kuwa naye. Kila wiki Philomena aliongeza kipande, nao wakakinakili kwenye madaftari yao. Mwisho akafika pale ambapo biashara ya pamba iliachiwa huru, kinu kikapata tajiri mpya, na tajiri akagundua kwamba watu waliokuwa wakimfanyia kazi ni wengi mno:

*Wakasoma ubaoni,*
*majina, wote foleni,*
*la baba halimo ndani,*
*akarudi na kikombe.*

Kikombe ni kile alichonywea chai kinuni. Siku hiyo darasa halikucheka. Wakanakili.

Habari zikamfikia bwana mmoja aitwaye Januarius, wa shirika la kuchapisha vitabu vya watoto. Philomena akaitwa kwenye warsha ya siku nne Mwanza, akalala kwenye hoteli yenye feni na kukaa meza moja na wataalamu watatu wa watoto, Januarius akiwa wa kwanza. Kati yao ni mmoja tu aliyekuwa na mtoto, na huyo mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake.

"Mwalimu, una kipaji," alisema Januarius. "Tatizo ni huyu baba. Anaachishwa kazi."

"Ndiyo. Aliachishwa."

"Sasa mtoto wa miaka kumi akisoma atajisikiaje?"

"Anajua, bwana. Ndiye aliyempokea mlangoni."

Januarius akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Tumpe tumaini. Soko huria limeleta nafasi nyingi. Baba afungue biashara."

"Biashara gani?"

"Yoyote tu. Si hadithi?"

Mtaalamu wa pili akauliza kama ni lazima pamba iwemo, maana inaonekana inawakoholesha watu. Wa tatu akapendekeza baba awe sungura. Alieleza kwamba watoto wanawapenda wanyama, na kwamba sungura akipunguzwa kazini haulizi kiinua mgongo. Wakajadili sungura mpaka saa ya chakula. Baada ya kuku na pilau wakakubaliana kwamba baba abaki mtu, lakini awe mtu mwenye mwelekeo.

Philomena angeweza kukusanya karatasi zake akaondoka. Hakuondoka. Alishaonyeshwa mfano wa jalada, jina lake limeandikwa kwa herufi nyekundu, na lile jina lilimvuruga akili. Akakaa na kalamu, akaandika walichotaka:

*Baba akaona mbali,*
*akafungua hoteli,*
*soko huru kweli kweli,*
*watoto tukanenepa.*

Wataalamu wakampigia makofi.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Mchoraji, ambaye hakuwahi kufika kwetu, alipanda minazi mitatu mbele ya nyumba ya mzee Bundala na kumvika mzee tai. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alichelewa saa tatu, akahutubia saa nzima juu ya faida za soko huria, watoto wamesimama juani. Kisha akamkabidhi mzee Bundala nakala moja, wakapigwa picha.

Mzee alijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, na alisoma kama alivyofundishwa, kidole chini ya kila neno. Alimaliza kitabu siku ya tatu. Philomena alipokuja kuwaamkia, akamkuta ameketi nacho mapajani, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Kaa." Akafungua ukurasa wa hoteli. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi nilikuwa na mashine namba tatu. Hoteli sina. Wewe umewahi kula kwenye hoteli yangu?"

Philomena alijaribu kueleza kuhusu tumaini, akajisikia anaongea kama Januarius. Akatoa daftari lake la mwanzo mkobani na kumsomea yote, mpaka kikombe. Alitegemea baba atalia, au angalau atamsifu.

"Hiyo ni afadhali," alisema mzee. "Lakini nayo ina uongo."

"Uongo upi?"

"Mama yako. Humu kazi yake ni kunikung'uta tu. Nyamizi alikuwa kibarua palepale kinuni, kila msimu, anachagua pamba chafu na safi. Jina lake halikuandikwa popote, hata siku ya kuanza. Mimi nilifutwa. Yeye walimfuta wapi?"

Hilo lilimuuma Philomena kuliko hoteli, kwa sababu hapo hakuna mtaalamu wa kumsingizia.

Vile vitabu vipya, nakala arobaini zilizoletwa shuleni, mwalimu mkuu alivifungia kabatini visichafuliwe na watoto. Hutolewa akija mgeni, hupanguswa vumbi, hurudishwa. Darasani watoto waliendelea na madaftari yao, yenye mafuta ya karanga na kurasa zilizolegea, na waliohamia Mwandoya na Lagangabilili wakaondoka nayo.

Januarius aliandika barua tena, akimwalika Philomena kwenye warsha nyingine. Safari hii mada ilikuwa ukweli katika vitabu vya watoto, siku tano, na feni imetajwa. Akajibu kwa adabu kwamba ana kazi. Kisha akaenda kwa mama yake na daftari jipya, akamwomba akae chini amweleze habari za kinuni.

"Nikae, halafu huu mtama atautwanga nani?" alisema Nyamizi, akampa mchi wa pili. "Twanga, uulize."

Sehemu ya mama ilichukua miezi minne kuandikwa, na mwandiko wake ni mbaya kuliko wote, maana mkono uliotwanga ndio ulioandika.