Mama Alipoingia Uwanjani

Raga, mchezo wa kukimbia na mpira mkononi, niliianzia Mbarara, nilikopelekwa kusoma kwa shangazi. Kwetu Nyakakika, upande wa pili wa mpaka, mchezo huo haukuwa na jina. Nilikuwa msichana mwenye mabega mapana, nimezoea kuchekwa. Mwalimu wa michezo alipoyaona akanipeleka uwanjani, na kwa mara ya kwanza mabega yangu yakapata kazi. Nilipomaliza shule, klabu moja ya Kampala ikanipa mkataba.

Baba alidhani ni mpira wa miguu. Mama, ambaye ni muuguzi katika hospitali ya Nyakahanga, aliuliza jambo moja tu.

"Mnagongana?"

"Tunagongana, Mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi nitakuja nione."

Akaja kweli msimu ule ule. Alipanda basi, akavuka mpaka wa Mutukula, akafika amevaa kitenge cha kanisani na kunibebea senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu. Nikamkalisha karibu na benchi letu, nikaingia kucheza.

Kipindi cha pili nilipata mpira, nikakimbia nao, wapinzani wawili wakaniangusha. Nilitangulia kwa bega. Kitu kikalia ndani yake, nami sikuweza kuinuka. Nilipofumbua macho, Mama alikuwa amekwisha kupiga magoti kando yangu. Alikuwa ameiruka kamba iliyozuia watazamaji.

Mwamuzi akapuliza filimbi na kumwonyesha kwa mkono atoke.

"Huyu ni mwanangu," Mama alimjibu kwa Kiswahili, bila kumtazama. Sijui kama yule bwana alielewa maneno, lakini alishusha mkono.

Daktari wa timu akafika, akanipapasa, akasema bega limechomoka, halikuvunjika. Mama aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nimewahi kumwona akihudumia watu walioumia vibaya kwa ajali za bodaboda, mikono yake imetulia kabisa. Siku ile ilikuwa inatetemeka. Maumivu niliyavumilia, mikono ile ndiyo iliyoniliza.

Nikarudi nyumbani kupona, mkono umefungwa kifuani. Majirani walikuja kunipa pole, na kila mmoja alishangaa ni kazi gani hiyo ya mtoto wa kike. Mama aliwamiminia chai tu. Alingoja siku moja tuko wawili jikoni, anamenya ndizi.

"Pale chini ulikuwa unawaza nini?"

"Kama mpira bado tunao sisi."

Alicheka, kisha akachukua ndizi nyingine.

"Utarudi?"

"Nitarudi, Mama."

"Sawa. Lakini atakayekuruhusu awe daktari, si kocha."

Nikakubali. Kocha alinitaka mapema, nikamwambia bado. Nafasi yangu akapewa mwenzangu, naye akaitumia vizuri, hivyo msimu ulikwisha nikiwa benchi. Iliniuma kuliko bega. Zilikuwapo siku nilizomlaumu Mama kimoyomoyo, nikijua hana kosa. Msimu uliofuata nilianza upya kama mgeni, na taratibu nikarudi kikosini, bega likiwa zima.

Mama hajaja tena kutazama mechi. Anasema moyo wake hautastahimili. Hupiga simu Jumapili akitoka ibadani. Akishaitikia shikamoo yangu huulizia bega, halafu huwaulizia wenzangu. Majina yao hayashiki, kwa hiyo huwataja kwa majeraha yao: yule wa goti, yule wa kifundo, yule aliyeshonwa nyusi. Nami humjibu mmoja mmoja, mpaka aridhike.