Meneja wa Ijumaa

Goti langu la kulia liliishia Dubai, lakini mimi nilikuwa sijaisha. Kila Ijumaa tulicheza kwenye mchanga wa Muhaisnah, nyuma ya kambi za wafanyakazi: Watanzania, Wakenya na Waganda, timu moja. Nilikuwa beki wa kati na nahodha. Kocha hatukuwa naye, timu nilipanga mwenyewe. Goti lilivimba hadi nikawa nageuka kwa awamu, washambuliaji wananipita wakicheka, na hakuna mwenzangu aliyefungua mdomo. Timu ile niliianzisha mimi. Kuniambia nikae nje? Ajaribu nani!

Kazini, kwenye hoteli moja ya Al Garhoud, nilibeba mizigo ya wageni. Hapo alikaa kwa miezi Mwingereza mmoja aliyekuja kufundisha klabu ya pale mjini. Kwao alicheza madaraja ya chini, beki kama mimi, mpaka goti likamkatalia. Tulizoeana kwa habari hizo za magoti, nikamwalika Ijumaa moja. Akaja kweli, akasimama juani hadi filimbi ya mwisho. Tukafungwa manne.

"Wewe," akaniambia kwa Kiingereza, "inafaa uwe meneja."

Damu ikanichemka. Kwetu Tanga meneja wa timu anajulikana: ni yule wa ndoo ya maji na mfuko wa jezi, wa kutafuta gari na kugombana na wenye uwanja. Mimi huyu! Nikajibu, "Asante, sir," kwa kuogopa kibarua kisiote nyasi, lakini wiki nzima mabegi yake ya mazoezi niliyatua kwa kishindo.

Golikipa wetu, Mkenya niliyepanga naye chumba Satwa, nilipomsimulia alicheka hadi akashika ukuta. "Ati unamnunia? Buda, kwao meneja ndiye kocha! Ndiye huamua nani acheze. Jamaa amekupandisha cheo, na wewe unamrushia mabegi!"

Aibu ilinipata, lakini baada ya aibu nikapata moto. Kesho yake nikamvizia Mwingereza mlangoni mwa lifti, nikamuuliza yeye alianzaje. Akasema alipewa umeneja angali mchezaji, akawa anajipanga mwenyewe kila mechi, goti bovu hivyo hivyo, mpaka timu ikashuka daraja.

"Nilichelewa kujitoa," akasema, akaingia kwenye lifti.

Ijumaa iliyofuata niliwaita wenzangu duara. Viatu vya mpira nilikuwa nimevaa, nisiwadanganye. Nilitaka kucheza kuliko nilivyotaka kula. Nikaanza kutaja kikosi. Kipa. Mabeki wa pembeni. Nilipofika beki wa kati, wote wakatazama mchanga. Nikamtaja Mganda mmoja, mlinzi wa maduka, aliyekaa benchi msimu mzima kwa sababu yangu. Nikainama kufungua kamba za viatu, machozi yakanitoka mbele za watu. Hakuna aliyecheka.

"Haya, yalla! Mnangoja nini?"

Nilipiga kelele pembeni ya uwanja mpaka sauti ikakauka. Yule Mganda hakupitwa hata mara moja, wallahi, na roho iliniuma, na nilifurahi. Mapumziko yalipofika tulikuwa bado sare. Wakaja wanahema, wamenizunguka, wanataka maji.

Nikageuka huku na huku. Loo! Meneja hatuna.

Nikaenda kubeba ndoo mwenyewe.