Pikipiki Niliyosemewa

Mimi husema flemu. Najua vitabuni ni fremu, lakini kwetu Ruiru ulimi hubadilisha r na l upendavyo, na shule niliiacha kabla haijaninyoosha. Nilitoka darasa la pili nikaenda kuchunga, kisha nikashika moto wa gesi. Flemu nimezikata na kuzichomea nyingi kuliko wote wanaoweza kulitaja jina lake sawasawa. Nalisema hilo mapema kwa sababu mambo haya yalianza na kuchekwa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa kuchomea katika gereji ya Mhindi mmoja pale Thika. Siku za kazi nililala Thika, Jumamosi nikarudi kwa mke wangu Ruiru, pasi mfukoni. Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, ilikuwa haijaisha, na Mkikuyu hakutoka hapa hadi pale bila karatasi. Kazi yangu nyingi ilikuwa mashine za kumenyea kahawa kutoka mashamba ya wazungu. Mashine ikikatika mguu, waliifungua, wakaipakia lori, wakatuletea. Na huko nyuma kahawa iliyokwisha kuchumwa inachacha. Kahawa mbivu haingoji fundi.

Basi mimi nikawaza: kwa nini mashine ifuate moto? Moto na ufuate mashine. Nikiwa na chombo cha kubeba mitungi yangu miwili ya gesi, nitaenda shamba kwa shamba, na sitamwita mtu bwana mpaka nife. Gari sikuweza hata kuliota. Lakini nyuma ya gereji kulikuwa na pikipiki ya jeshi iliyobaki baada ya vita ya Hitla, kuku wanatagia juu ya tangi. Mhindi akasema, ichukue, utanifanyia kazi ya jioni mpaka niseme basi. Alichelewa sana kusema basi. Sijali, makubaliano ni makubaliano.

Pikipiki ya kawaida haiwezi kubeba mitungi miwili. Ni fupi, uzito wote unakaa nyuma ya gurudumu, mbele inainuka kama farasi. Kwa hiyo niliikata flemu nyuma ya kiti. Nikatia bomba jipya katikati, na ndani ya maungio nikaingiza bomba jembamba, kama mfupa ndani ya nyama, ndipo nikachomea juu. Gurudumu la nyuma likarudi nyuma hatua nzima. Cheni nikaunganisha mbili. Juu nikaweka kitanda cha chuma cha kulaza mitungi. Ilipokwisha, mafundi wenzangu waliizunguka wakicheka.

“Hii si pikipiki,” mmoja akasema. “Ni jeneza lenye injini.”

“Utapanda lini?” nikamuuliza.

Wakaipanda wote, wanne kwa mara moja, na haikulia hata kidogo.

Lakini chombo bila namba ya serikali ni chuma tu. Polisi wangeichukua siku ya kwanza, na mimi pamoja nayo. Nikaisukuma mpaka ofisi ya magari. Karani alikuwa Mwafrika, si wa kwetu, kijana wa tai nyembamba.

“Umekuja kufanya nini, mzee?” Wakati huo sikuwa mzee. Ilikuwa dharau.

“Kulejista pikipiki. Nimeongeza flemu.”

“Umeongeza nini?”

“Flemu.”

Akageukia wenzake. “Jamani, flemu ni mnyama gani? Anakula majani?” Ofisi nzima ikacheka. Nikajaribu tena, na kila nilivyojaribu ndivyo nilivyozidi kuharibu. Mwisho akapangusa macho akaniambia, “Nenda kalete mtu wa kukusemea.”

Nilitoka nimeungua masikio. Lakini maneno yale hayakuwa mageni kwangu. Kwetu, jambo kubwa mtu hajisemei. Ukienda kuomba mke, wewe unakaa pembeni, macho chini, mdomo umefungwa. Anasema msemaji wako. Na msemaji hasemi “huyu anataka”. Anasema kana kwamba yeye ndiye mwenye shida.

Mimi nilikuwa na msemaji wangu. Tulitahiriwa siku moja, mto mmoja, baridi moja. Watu wa namna hiyo kwetu huitana wakine, na wakine ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu hukumchagua na damu mliyomwaga pamoja haiwezi kuzoleka. Alikuwa amefika darasa la sita. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama sabuni. Tena alikuwa na karatasi ya uaminifu, ile waliyopewa watu ambao serikali haikuwashuku, na mimi sikuwa nayo.

Ndiye aliyenisemea nilipooa. Nakumbuka tulivyokaa kwa baba mkwe. Akasimama, akakohoa, akasema, “Nimepoteza mbuzi wangu jike. Nimefuata nyayo, zimeingia katika boma hili.”

Baba mkwe akauliza, kama desturi, “Mbuzi huyo ni wa nani?”

“Ni wangu.”

“Una hakika ni wako?”

“Namjua hata kwa mlio.”

Wazee wakacheka, pombe ikamiminwa. Hakuna mtu pale aliyedhani mbuzi ni wake. Kila mtu alijua mwenye mbuzi ni yule bubu wa pembeni. Na mke alikuja kwangu, si kwake.

Kwa hiyo nilimwendea Ruiru nikamweleza. Akanipiga bega. “Wakine, karani mjinga huyo ataniambia nini mimi? Twende.”

Tulienda naye. Alivaa koti. Akazungumza na karani yule mpaka karani akaona haya ya kucheka. Wakamwita mkaguzi, Mzungu mfupi mwenye nyundo. Akaigonga flemu kila mahali nilipochomea, huku ametega sikio. Akaita askari watatu akawakalisha juu ya kitanda changu cha chuma, akapanda mwenyewe, akazunguka uwanja na askari wameshikilia kofia. Aliporudi alisema neno moja la Kizungu, na karani akalitafsiri: “Anasema imeungwa vizuri.”

Mwili wangu wote ulifurahi. Nilikaa pembeni, macho chini.

Karani akachukua kalamu. “Hii pikipiki ni ya nani?”

Wakine akakohoa, kama siku ile. “Ni yangu.”

Na mimi, mjinga, nilitabasamu. Nilisikia mbuzi. Nilisikia pombe ikimiminwa. Karani akamuuliza jina, akalitaja lake, na nikadhani wanataka kumjua anayesema, kama wazee wanavyouliza mbari ya msemaji kabla hawajamsikiliza. Akatia sahihi. Namba ikatoka. Kitabu cha pikipiki kikatoka. Tukatoka.

Nimefikiri sana juu ya hilo neno. Yangu. Halina r, halina l. Hata ulimi wangu ungeliweza.

Njiani nilimwambia, “Wakine, naona wameandika jina lako.”

“Ee. Ningesemaje? Wewe huna karatasi ya uaminifu. Wangesikia jina lako, ungelala ndani leo. Iache ipoe, tutabadilisha.”

Nilimwamini. Maneno yake yalikuwa na akili, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba siku ile alikuwa ananidanganya. Pengine alipotamka lile neno lilikuwa la desturi tu. Pengine lilimwingia mdomoni likiwa langu, likatoka likiwa lake, na akalipenda lilivyosikika.

Tulikubaliana ikae kwake Ruiru, kwa sababu kitabu kilikuwa na jina lake na askari wa barabarani walisoma vitabu. Jumamosi ya kwanza nilikuta ameipangusa ikang'aa. Jumamosi ya pili sikuikuta. Alikuwa ameenda nayo kubeba maziwa ya mtu. Ya tatu akaniambia mitungi yangu ingechafua kitanda. Mimi nikawa namwomba! Namwomba nipande kitu ambacho kila kovu lake nimelitia kwa mkono wangu.

Kisha siku moja nilikuwa ndani ya hoteli ya chai pale Ruiru, nimekaa nyuma ya mlango. Nikasikia injini, nikaijua kabla haijasimama. Akabaki nje na watu wawili. Mmoja akamsifu kwamba ni ndefu, hajaona nyingine kama hiyo.

“Pikipiki yangu hii,” akasema, “niliibuni mwenyewe. Nilimpa fundi mmoja akaichomea.”

Fundi mmoja.

Pale hapakuwa na karani. Hapakuwa na baba mkwe. Hakuwa anamsemea mtu. Niliiacha chai yangu nikatoka, tukatazamana. Wale wawili wakanisalimu kwa heshima. Yeye akaniambia, “Aa, fundi! Habari ya Thika?”

Alipaswa kuniita wakine. Wizi wa pikipiki nimeuzoea, umri huu umenizoeza. Lakini kuniita fundi mbele ya watu, hilo bado liko hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilipeleka shauri kwa mjomba wangu, mzee aliyekuwapo siku ya kuomba mke. Kwenda polisi hakukufikirika. Ningewaambia nini, mimi nisiye na karatasi, kumshtaki aliye nayo? Mjomba akamwita. Tukaketi uani, sisi watatu.

Mjomba hakuzunguka. “Kijana, siku ile kwa mkwe ulisema mbuzi ni wako. Uliondoka naye?”

“La, mzee.”

“Ulimlaza kwako hata siku moja?”

“Mzee, usinitukane.”

“Basi hii nayo umeilalia kwa nini?”

Nikadhani ameshikwa. Lakini mtu aliyesoma hakosi mlango. Alitazama mikono yake, akasema polepole, “Mzee, mbuzi hana kitabu. Pikipiki ina kitabu. Kiulize kitabu pikipiki ni ya nani.”

Mjomba aliwahi kumaliza kesi za mashamba na kesi za damu, lakini hakuwahi kuulizana na kitabu. Akaniangalia kama mtu aliyeshindwa kumfungua ndama kwenye waya. “Kwa nini hukusema, wewe?”

“Nilikuwa na msemaji.”

Wakine akainuka, akavaa koti lake, akaenda. Tukasikia injini ikiwaka mara ya kwanza tu. Mimi ndiye niliyeitengeneza iwake hivyo.

Nilipomweleza mke wangu alikuwa anamenya maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Bahati yako mimi sikuandikiwa kitabu.” Akacheka. Mimi sikucheka siku ile. Baadaye nilicheka, miaka mingi baadaye, na hata hivyo si sana.

Watu huniuliza kama niliomba mabaya. Niliomba. Niliomba ikatike katikati akiwa mteremkoni. Nikajua haitakatika, kwa sababu najua nilichofanya ndani ya yale mabomba, na sikuweza hata katika hasira kutamani ningekuwa nimefanya vibaya. Aliiendesha miaka mingi, akaja akamwuzia mtu wa upande wa Ngoliba. Mara moja nilimwona mtu huyo barabarani amepakia magunia ya mkaa mpaka kichwa hakionekani. Nikasimama nikaitazama ikipita. Flemu ilikuwa imenyooka kama siku ya kwanza. Yule mtu akanipungia mkono; hakujua mimi ni nani.

Moto wangu niliupeleka mashambani baadaye, kwa mkokoteni kwanza, nikisukuma mwenyewe, kisha kwa gari langu. Nilipolipeleka gari kulejista niliingia peke yangu. Waliniuliza ni la nani, nikajibu. Kama walicheka sikumbuki. Karakana yangu iko Ruiru hadi leo na haina jina la mtu mwingine mlangoni.

Na kijana wangu alipotaka kuoa, tulienda kwa wakwe zetu kama desturi. Yeye alikuja pia, wakine. Sikumwalika, lakini rika ni rika, huwezi kumfukuza mtu katika tohara iliyokwisha. Alikuwa amezeeka vizuri, koti safi. Tulipokwisha kula, kimya kikaingia, kile kimya cha kungoja msemaji. Nikaona wazee wetu wanamwangalia yeye. Si kosa lao. Hakuna kati yetu aliyejua kusema kama yeye. Naye akawa tayari anakohoa.

Nikasimama mimi.

Wazee wakanong'ona. Baba wa kijana hasemi, haikuwahi kuonekana. Mmoja akanivuta koti, “Kaa, bwana, utatuaibisha. Msemaji wako yuko wapi?”

“Ndiye huyu,” nikasema, nikajigonga kifua.

Kisha nikawageukia wenye boma. Nikawaambia tumepoteza mbuzi jike na nyayo zimeingia hapa. Niliyasema kwa ulimi huu huu, r na l zimegongana njiani, na wasichana waliokuwa jikoni wakacheka kwa sauti. Nikawaacha wamalize.

Mzee wao akauliza, “Mbuzi huyo ni wa nani?”

Nikamwangalia wakine. Alikuwa ameinamisha macho, kama bwana harusi.

“Ni wa kijana wangu,” nikasema, nikamwonyesha kwa kidole pale pembeni alipokaa, kila mtu amwone.